Mshenga wa Matrah



Wapo vijana, tena aghalabu ni vijana wema wenye adabu zao, wanaoitakidi kwamba babu na bibi zao waliozwa pasi na hiari, kwamba mume hakupata kumwona mkewe mpaka usiku wa harusi, na kwamba mahaba ni kitu kilichoingia katika majumba yetu ya Oman mwaka 1974 pamoja na televisheni. Maneno hayo nimeyasikia barazani, nimeyasikia garini, na nimeyasikia hata kwa wajukuu wa watu ambao mimi mwenyewe niliwaona katika ujana wao wakizunguka mtaa mzima kwa kisingizio cha kununua kiberiti, ilhali viberiti vimejaa tele nyumbani, alimradi tu wapite chini ya dirisha fulani. Kupenda walipenda. Walichokihofu ni kukataliwa hadharani. Na desturi nzima ya posa, mtu akiichungua kwa utulivu, ataona imejengwa kwa ajili ya kulipatia neno la kukataa njia ya kupita, bila ya kijana kufedheheka, bila ya baba wa binti kujitia uadui asiouhitaji, na bila ya majirani wawili, ambao kesho alfajiri watasimama msikitini katika safu moja, kuanza kukwepana macho.

Hiyo ndiyo kazi ya mshenga, na kwa hiyo mimi humhesabu kuwa mtu mwenye cheo kikubwa kuliko wanavyomdhania wale wanaomwita mpeleka maneno. Mshenga huenda kwa niaba ya mtu ambaye bado hajatajwa. Huanza kwa kuuliza hali, kisha joto, kisha bei ya nguru. Hulizungukia jambo lake kwa mbali kama nahodha anayeitafuta njia ya maji baina ya miamba. Na pindi akiuona uso wa mwenye nyumba umefunga, huaga kwa taadhima akaenda zake, ikawa hapana aliyeposa wala aliyekataa, ila mgeni tu alikuja kusalimia akapewa kahawa. Baba naye ana maneno yake ya akiba: binti bado yumo masomoni, au mama yake siku hizi hajihisi vyema, au ametajwa kwa binamu yake tangu utotoni. Pengine ni kweli na pengine si kweli. Pande zote mbili zinalifahamu hilo, na hapana anayechunguza, kwa kuwa anayechunguza ndiye mkosa adabu.

Wala ada hii si ya pwani peke yake, wala si ya wanaume peke yao. Bibi Khadija bint Khuwaylid, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, baada ya kusikia kwa mtumishi wake Maysara habari za uaminifu wa Mtume wetu, aliyemsafirishia biashara yake mpaka Sham, hakutoka kwenda kusema mwenyewe, wala hakuliweka jambo moyoni likamwozea. Alimtuma rafiki yake Nafisa bint Munya akapeleleze, na Nafisa akaanza kwa swali la mbali, kwa nini asioe, mpaka likatajwa jina. Mbele ya mfano huo, wale wasemao kwamba mwanamke wa Kiislamu kazi yake ni kungoja, naona hawakusoma sira, au waliisoma na huku wana usingizi.

Hata wafalme hawakuacha kutuma. Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Samail mwaka 1791 na kuitawala Maskati na Matrah kabla ya kuuhamishia moyo wake Zanzibar, alipeleka posa mwaka 1833 kwa Ranavalona, malkia wa Madagascar, akamwomba wakati huohuo askari wa kumsaidia katika vita vyake na Mazrui wa Mombasa. Kwa maoni yangu posa hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: mtu haposi na kuomba jeshi katika ujumbe mmoja, kwani mposwa hatajua kipi ndicho kilichomleta. Lakini tazama jawabu ilivyorudi kwa murua. Seyyid alijibiwa kwamba sheria ya nchi haimruhusu malkia kuolewa, ila yuko binti mwingine wa ukoo wa kifalme, kama Seyyid atapenda. Na malkia mwenyewe angefurahi kupata mkufu wa marijani. Amekataliwa, na hapana neno hata moja la kukataa. Washenga wa kwetu wangeweza kusomeshwa kwa jawabu ile.

Lakini nimekusudia kuzungumza juu ya Matrah. Asiyeijua na ajue kwamba ni mji uliobanwa: nyuma yake milima ya mawe meusi isiyoota hata jani, mbele yake bahari, na katikati ukanda mwembamba wa ardhi ambamo zimejipenyeza ngome ya Wareno juu ya jabali, na Sur al-Lawatiya yenye lango lake na majumba yake marefu yaliyoelekea baharini, na bandari, na lile soko ambalo Waarabu huliita Suq al-Dhalam, Soko la Giza, kwa kuwa vichochoro vyake vimeezekwa hata jua la adhuhuri halipati pa kupenyea. Alipotawala Sultani Qaboos tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kwao, walikuja watu wa Zanzibar waliotawanywa na mapinduzi ya 1964, wengine kutoka Dar es Salaam na Mombasa, wengine kutoka Cairo na Kuwait walikokuwa masomoni na kazini, wakishuka katika kiwanja kidogo cha ndege cha Bait al-Falaj huko Ruwi, kwani kile cha Seeb hakikufunguliwa mpaka 1973. Nyumba zilikuwa haba. Familia nzima ikikaa katika vyumba viwili, na mizigo ikirundikwa ukumbini, na wengi walipanga Matrah kwa sababu ndiko kwenye kazi na ndiko kwenye soko. Na baada ya muda mfupi ikawa mtu akipita katika vichochoro vile baada ya alasiri husikia Kiswahili cha Malindi na cha Mkunazini, mitaa ya Unguja, kikitoka madirishani pamoja na harufu ya nazi.

Katika hao walikuwamo wawili nitakaowaeleza usiku huu, na majina yao sitayataja, kwa kuwa wako hai, na mmoja wao nina yakini ananisikiliza hivi sasa akiwa na kidole tayari juu ya simu.

Kijana alikuwa karani katika kazi za bandari mpya iliyokuwa ikijengwa. Alisoma Cairo, na Kiarabu chake kilikuwa chepesi kama cha wenyeji, ingawa kilikuwa na madaha kidogo ya Kimisri ambayo Waomani wenziwe walikuwa wakimcheka kwayo. Binti alikuwa mwalimu wa hesabu katika mojawapo ya skuli za wasichana zilizofunguliwa miaka ile, na yafaa tukumbuke kwamba kabla ya 1970 skuli za serikali katika nchi nzima zilikuwa tatu tu, nazo za wavulana, hata ikawa mwanamke aliyekuja kutoka Afrika Mashariki na cheti chake mkononi alikuwa akitafutwa kama maji. Alikuwa amekwenda sokoni kununua nguo. Alisimama mbele ya duka, ameshika pindo la kitambaa cha kijani akilisugua baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu kupima uzito wa nguo, na Kiarabu chake, ambacho alikipata chuoni kwa kuhitimu Msahafu, kilikuwa kimefika ukingoni, kwani Kiarabu cha Msahafu hakimfundishi mtu bei ya yadi. Akasema kwa Kiswahili, akijisemea peke yake, "Huyu ananiona mjinga."

Nyuma yake ikaja sauti ya kiume: "Hakuoni mjinga, bibi. Anakuona mgeni." Na kabla hajageuka, kijana ameshamkabili mwenye duka, wamekwenda huku na huku, wameapizana kwa jina la Mwenyezi Mungu mara kadhaa kama iwapasavyo watu wa soko, na bei imeshuka baisa mia mbili kwa kila yadi. Mtu angetazamia kusikia ahsante. Binti alimtazama, akasema, "Nani kakutuma?" Akalipa bei ileile iliyopunguzwa, maana hesabu ni hesabu, akachukua kitambaa chake akaenda. Kijana alibaki amesimama mpaka mwenye duka akamuuliza kama naye anataka kununua kitu au amekuja kusimama tu.

Kumfuata hakumfuata. Kumfuata binti wa watu sokoni ni utovu wa adabu, na fauka ya hayo Matrah ni mji wa macho mengi. Alikwenda kwa shangazi yake, aliyekuwa akikaa karibu na ngome, akamwambia, "Shangazi, kuna mtu nimemsikia."

"Umemsikia? Hukumwona?"

"Nimemwona kidogo. Nimemsikia sana."

Sasa shangazi huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mmoja katika wale mabibi ambao vichwani mwao mlikuwa na daftari la nyumba zote za Unguja, nani kazaliwa wapi, kazalishwa na nani, na nani aligombana na nani kwa ajili ya mwembe wa mpakani. Aliposimuliwa lile jawabu la "Nani kakutuma?" alicheka, akasema kuna nyumba moja tu mjini Unguja ambayo wanawake wake hujibu hivyo tangu bibi yao. Haikupita wiki akavaa buibui, akachukua sahani ya vitumbua na kuifunika kitambaa, akaenda kumzuru mama wa binti, ambaye kwa hakika walijuana zamani ila hawakuonana tangu watoke kisiwani. Na wakalia kidogo kama inavyobidi, wakahesabiana waliokufa, na posa haikutajwa hata kwa ishara. Alikwenda tena, na mara hii akataka kufuatwa jioni na mtoto wa ndugu yake kwa sababu, alisema, macho yake hayaoni vizuri baada ya magharibi.

Dini yetu imeruhusu jambo hilo, na watu wanaolifanya zito kuliko dini yenyewe sijui wamelitoa wapi: Mughira bin Shu'ba alipotaka kuoa, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza akamtazame kwanza yule anayetaka kumposa. Basi kijana alikuja kumfuata shangazi, akakaribishwa akae hata amalize kahawa, na binti akaingia na sinia. Alimjua pale pale. Alitua sinia upande wa shangazi, mbali na mgeni, na alipoinama akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilisikiwa na wote waliokuwamo, "Kumbe ndiye wakili wa vitambaa." Shangazi aliniambia baadaye kwamba hapo alijua kazi yake imekwisha na sasa imebaki kazi ya wanaume, ambayo kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi na huwa na faida kidogo.

Na kweli ilichukua muda. Baba wa binti asili yake ni watu wa Sharqiya, na ndugu zake walikuwa huko, mjini Ibra, na kwa ada ya Waarabu mtoto wa ami ana haki ya kutajwa kwanza. Haki hiyo si ya sheria, lakini mtu asiyeiangalia huweza kuishi na chuki ya ukoo wake mpaka kaburini. Kadhalika palikuwa na suala la kufu, nasaba na kabila, suala ambalo watu hulizungumza kwa sauti ndogo na kulishikilia kwa mikono miwili, na ambalo mimi naona limezivunja posa nyingi njema bila ya kuzifanya ndoa zilizobaki kuwa njema zaidi. Hapo ndipo alipoingia mshenga. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mfupi, mwenye sauti nzito, ambaye watu wote walimwita Maalim, na hakuwa na jamaa upande wowote, jambo ambalo lilimfaa. Barabara ya lami ya kwenda Ibra haikuwapo bado. Alikwenda kwa Land Rover ya watu wengine, akipita katika mikondo ya mawadi, akafika amejaa vumbi hata ndevu hazijulikani rangi yake, akaketi katika sabla, baraza ya mji, na wazee, akala tende, akasikiliza kesi ya mfereji wa falaj ambayo haikumhusu, akalala. Hakusema kitu mpaka asubuhi. Asubuhi aliuliza habari za yule binamu, akaambiwa yuko Bahrain kazini. Akauliza kama anatazamiwa kurudi, akaambiwa moyo wake uko huko, na mwenye kusema alitabasamu. Na Maalim naye akatabasamu, akashukuru, akapanda gari. Neno la kuachilia lilitoka bila ya mtu kulitamka.

Siku ya posa yenyewe walikwenda wanaume saba au wanane, wamevaa kanzu nyeupe na vilemba, na wazee wamefunga majambia. Chumba kilifukizwa udi. Zililetwa tende kwanza, kisha halwa. Halwa ya Oman, kwa wasikilizaji wasioijua, hupikwa kwa wanga, sukari, samli, zafarani, iliki na maji ya mawaridi yale yanayotoka Jabal Akhdar, ikikorogwa kwa saa nyingi katika sufuria kubwa ya shaba bila ya mkono kupumzika, kwani mkono ukipumzika hushika chini. Na ile ya siku hiyo ilikuwa bado na uvuguvugu, ikitetemeka katika bakuli kila mtu alipotia vidole. Baada ya halwa likaja dele la kahawa, na finjani zikazungushwa kuanzia kulia. Maalim alipokea yake, akaitua chini mbele yake, akaiacha.

Wanaojua ada za Waarabu wanajua maana yake: mgeni asiyekunywa ana haja, na haja yake ndiyo itakayomnywesha. Mazungumzo yaliendelea kuhusu bandari na meli zinazongoja nje, lakini macho ya wote yalikuwa yakienda kwenye ile finjani. Mwishowe baba wa binti akasema, "Kahawa yako inapoa, Maalim."

"Ipoe, Sheikh. Nimekuja na neno, na neno likipokewa nitainywa hata ikiwa barafu."

Hapo ndipo alipolitaja jina la kijana, na la baba yake, na la babu yake, na akasema wanataka udugu. Baba alinyamaza kitambo, akajibu kwamba yeye na nduguze hawana pingamizi, lakini mwenyewe aulizwe. Watu wakangoja. Ukimya wa bikira ni ridhaa, hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na mama alikwenda chumba cha ndani akitazamia kurudi na ukimya. Akarudi na maneno. Binti amekubali, alisema mama kwa mumewe mlangoni, kwa masharti mawili: kwamba ataendelea kusomesha, na kwamba jambo hilo litajwe mbele ya kadhi siku ya akdi, lisiwe ahadi ya mdomo. Mjomba mmoja alikohoa. Baba alilirudia neno la bintiye mbele ya watu wote kama alivyolisikia, bila ya kulipunguza, na upande wa kijana ukakubali, ikasomwa Fatiha, na Maalim akaishika finjani yake, akainywa kahawa iliyopoa kwa funda moja, akaitikisa kuashiria kwamba imemtosha, na kicheko kikaenea chumba kizima.

Baina ya uchumba na akdi ilipita miezi, na katika miezi hiyo waliandikiana barua, naye mchukuzi alikuwa mdogo wake binti, mtoto wa miaka tisa, aliyelipwa kwa soda. Kijana aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyomfundisha babu yake; binti alijibu kwa herufi za Kirumi. Mimi nimeonyeshwa mojawapo ya zile barua, si ndani bali juu yake tu, na ubavuni mwake kuna alama ya kalamu nyekundu, kwa sababu mwalimu huwa mwalimu hata katika mahaba. Nilipomuuliza bibi huyu, hivi karibuni tu, ni lini hasa alipompenda mumewe, alinijibu kwamba ni palepale sokoni, ilipopungua bei chini kuliko ile aliyokuwa yeye ameikusudia moyoni. "Nikajua," alisema, "huyu si mharibifu wa mali."

Wasikilizaji watukufu, mtu ataniuliza: na pale ambapo mshenga hapatikani? Jawabu tunayo katika tarikh yetu wenyewe. Seyyida Salme, binti yake yule Seyyid Said wa posa ya Madagascar, alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Baba yake alifariki safarini mwaka 1856, na mama yake akafa kwa kipindupindu mwaka 1859, mwaka uleule alipojiingiza katika njama ya ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao Sultani Majid, akiwa mwandishi wao kwa kuwa alijifundisha kuandika pasi na ruhusa ya mtu. Njama ilishindwa. Akabaki kijana, yatima, ametengwa na sehemu kubwa ya ndugu zake, katika nyumba ya Mji Mkongwe iliyopakana na nyumba ya mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Paa la Mjerumani lilikuwa chini ya lake. Ameeleza mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1886, jinsi alivyokuwa akitazama kutoka dirisha la juu karamu ambazo Ruete aliziandaa ili yeye aone namna Wazungu wanavyokula. Na mimi kila nikisoma mahali hapo huona kwamba hiyo ilikuwa posa, posa ya vijiko na uma, ila haikuwa na wa kuipeleka.

Nani angeipeleka? Muislamu mwanamke haolewi na Mkristo, walii wake alikuwa Sultani mwenyewe, na hapana mzee katika Unguja nzima ambaye angethubutu kuketi mbele ya Seyyid Majid na kuitua finjani yake chini kwa haja kama hiyo. Basi Majid hakuulizwa, na kwa kuwa hakuulizwa hakupata kukataa. Maneno yalienda mjini badala ya kwenda barazani. Salme alikuwa amekwisha kuwa mjamzito. Usiku wa Siku ya Mwaka, Agosti 1866, wanawake walipoteremka pwani kuoga kama ilivyo ada, naye aliteremka, akachukuliwa na mashua ya manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer mpaka Aden. Huko alingoja miezi mingi nyumbani kwa mume na mke Wahispania aliowajua Zanzibar, akajifungua mwana, na tarehe 30 Mei 1867, Ruete alipofika, alibatizwa na kuolewa siku hiyohiyo. Mtoto wao alifariki katika safari ya kwenda Ulaya. Ruete mwenyewe alikufa Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo, na Salme aliishi ujane wa zaidi ya nusu karne mpaka 1924.

Simhukumu, wala sipendi wanaomhukumu kutoka kwenye mito ya makochi. Nasema tu kwamba mahaba yake hayakuwa makubwa kuliko ya yule mwalimu wa hesabu wa Matrah, wala hayakuwa madogo. Mmoja alikuwa na Maalim wa kumpandia Land Rover, na mwingine hakuwa naye.

Siku hizi sheria imeandika mengi ambayo zamani yalikaa vichwani. Sheria ya Hali za Watu ya Oman, iliyotoka kwa Amri ya Kifalme nambari 32 ya mwaka 1997, inasema uchumba ni ombi la ndoa na ahadi yake, na kila mmoja ana haki ya kurudi nyuma. Ni jambo zuri, ijapokuwa Maalim alilijua bila ya kusomewa. Kubwa zaidi kwetu sisi ni ile Amri nambari 23 ya mwaka 2023 ya Sultani Haitham, iliyoondoa kizuizi cha zamani cha Muomani kuomba ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni. Watu wa nje hawawezi kufahamu uzito wake. Sisi ni watu ambao mtoto wa ami yuko Matrah na mtoto wa shangazi yuko Unguja, damu moja, paspoti mbili. Na walikuwapo wachumba waliosomewa Fatiha wakangoja karatasi mpaka wazee waliowasomea wakafa.

Baada ya amri ile nilihudhuria posa moja katika mtaa wetu hapa Oman, ya kijana wa hapa na binti wa Unguja. Wazee hawakuweza kusafiri, kwa hiyo simu iliegemezwa kwenye bakuli la halwa, na upande wa pili wakaonekana wenzao wa Unguja wamekaa mkekani, na mshenga akasema maneno yake vizuri sana, isipokuwa sauti ilikuwa ikikatika. Ilipofika zamu ya kujibu, bibi wa binti, mkongwe ambaye hakuonekana ila upande mmoja wa uso, aliuliza ile halwa anayoiona ni ya nani. Akaambiwa ni ya posa. Akasema basi na yeye hawezi kujibu posa ambayo hakuionja, na watu wote pande zote mbili wakaagana pasi na jawabu. Halwa ilitiwa katika mkoba wa msafiri. Ilipofika Unguja simu ikapigwa tena, tukakusanyika tena, na bibi akaonja mbele yetu, polepole, akasema zafarani imepungua, lakini kijana apewe.